Kabla Hujaniletea Binti Nimwombee Aende Chuo cha Urembo

  

Neno la leo ni Luka 14:28. Bwana Yesu anauliza ni nani kati yetu atakayetaka kujenga mnara asikae chini kwanza ahesabu gharama, aone kama anaweza kuumaliza. Angalieni, hakusema aanze kwa kufunga na kuomba. Alisema aketi ahesabu. Maombi yapo, lakini kuketi na kuhesabu pia kuko ndani ya Biblia hiyo hiyo.

Nasema hivi kwa sababu ya msimu tulio nao. Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, simu yangu hailali. "Pasta, naomba utuombee, binti anaenda chuo cha saluni wiki ijayo." Nikiuliza ni chuo gani, mama ananiambia jina ambalo hata yeye halikumbuki vizuri. Nikiuliza nani alikipendekeza, jibu ni karatasi iliyobandikwa kwenye nguzo ya stima pale steji, au rafiki wa binti, au tangazo la WhatsApp. Karo ishalipwa. Kilichobaki ni mimi kuweka mikono juu ya kichwa cha mtoto na kusema amina.

Ndugu zangu, leo naandika kuwaambia kwamba sitaombea tena chuo ambacho hamjakikagua. Na kabla hamjasema Pasta amekuwa mkali, niacheni niwaambie kosa langu mwenyewe.

KOSA LANGU

Miaka kadhaa iliyopita mwenye chuo fulani cha urembo alinitembelea. Alikuwa mtu wa maneno mazuri, amevaa vizuri, anajua kusema "mtumishi wa Mungu". Aliniomba dakika tano Jumapili atangaze nafasi za masomo kwa vijana wetu. Nilimpa kumi. Nikasimama baada yake nikasema huu ni mlango ambao Bwana amefungua. Sikuwa nimekanyaga chuo hicho. Sikuwa nimeuliza swali hata moja.

Mama mmoja aliamini maneno yangu. Binti yake alikuwa amepata D ya kujumlisha, na nyumbani walikuwa washaanza kumwita mzigo. Tulifanya harambee kanisani tukapata shilingi 38,000. Mama akaongeza bonasi yake ya majani chai yote. Nilimwombea binti mbele ya kanisa, tukampigia makofi, akaondoka.

Alisoma miezi minane. Chuo kilikuwa vyumba viwili juu ya duka. Walikuwa wanafunzi kumi na wanne na kichwa kimoja cha plastiki cha kujifunzia kusuka. Dawa ya kulainisha nywele aliona mwalimu akipaka mara mbili. Yeye mwenyewe hakuishika. Kila mwezi kulikuwa na pesa ya ziada: ya mtihani, ya sare, ya sherehe ya kuhitimu. Mwisho akapewa cheti kizuri chenye muhuri wa rangi ya dhahabu.

Akapata kazi ya majaribio katika saluni hapa Kisii. Wiki ya kwanza akapewa mteja wa dawa. Hakujua kwamba kichwa kilichokunwa au chenye vidonda hakipakwi dawa siku hiyo. Hakujua dakika za kuikaza na kuitoa. Yule mteja alitoka na majeraha kichwani, na binti wetu alitoka bila kazi. Akajaribu hoteli moja yenye chumba cha masaji na kucha. Meneja akakiangalia kile cheti, akauliza, "Huu mtihani ulitungwa na nani?" Binti hakuwa na jibu, kwa sababu mtihani ulitungwa na yule yule aliyepokea karo.

Hakuja kunilaumu. Aliacha tu kuja kanisani. Mama yake ndiye aliyekuja, akaketi ofisini kwangu, akaniambia kwa upole kabisa, "Pasta, si wewe ulituambia ni mlango wa Bwana?"

Wapendwa, nimehubiri zaidi ya miaka kumi na tano. Hakuna swali lililowahi kuniuma kama hilo.

SHIDA ILIANZIA WAPI

Nimejiuliza kwa nini sikukagua. Mwaka huo huo kijana mwingine wa kanisa letu alikuwa anaenda kusomea ualimu. Nilipiga simu tatu kuulizia chuo chake. Mimi mwenyewe kabla sijaenda chuo cha Biblia nilimuuliza askofu wangu ni nani wanaofundisha pale, wanafundisha nini, na wahitimu wao wako makanisa gani. Kwa nini sikufanya hivyo kwa binti wa saluni?

Jibu ni chungu. Niliidharau kazi yenyewe. Moyoni nilifikiri saluni ni mahali pa mtoto aliyeanguka mtihani, kwa hiyo chuo chochote kinatosha. Na sisi wengi tuko hivyo. Mtoto akipata B tunazunguka nchi nzima kumtafutia chuo. Akipata D tunamtupa kwenye mlango wa kwanza ulio wazi, halafu tunauita mapenzi ya Mungu.

Lakini Mungu haidharau kazi ya mikono. Someni Kutoka 31. Mtu wa kwanza ambaye Biblia inasema wazi kwamba Mungu alimjaza Roho wake kwa ajili ya kazi hakuwa mhubiri. Alikuwa Bezaleli, fundi. Rudini sura moja nyuma, Kutoka 30: mafuta matakatifu ya upako, haya tunayoyaimbia kila Jumapili, Mungu aliagiza yatengenezwe kwa ustadi wa mtengeneza manukato, akataja viungo vyake na vipimo vyake. Fundi wa manukato alikuwa na kazi katika hema ya Bwana, naye hakubahatisha vipimo. Katika Esta 2:12 mabinti walioletwa kwa mfalme walitunzwa miezi kumi na miwili, sita kwa mafuta ya manemane na sita kwa manukato. Sisemi habari ile ni mfano wa kuiga, mabinti wale hawakuulizwa kama wanataka. Nasema tu kwamba hata katika jumba la Ahasuero kazi hii ilikuwa na wataalamu na ratiba yake.

Najua baadhi yenu mnanyanyua 1 Petro 3:3, kwamba mtume amekataa kusuka nywele. Isomeni yote. Petro anataja nywele, dhahabu na mavazi kwa pamoja. Kama anakataza kusuka, basi anakataza na kuvaa nguo, na hakuna anayehubiri hivyo. Anachosema ni kwamba uzuri wa mwanamke wa Mungu usiishie nje. Kwa hilo nasema amina. Lakini dada anayeosha, kusuka na kutunza kichwa cha mwenzake kwa uaminifu hatendi dhambi. Anafanya kazi.

Na kuna mfano nje ya Biblia. Huko Marekani aliishi mama aliyejulikana kama Madam C. J. Walker, aliyezaliwa mwaka 1867, mtoto wa watu waliokuwa watumwa. Alikuwa dobi, akifua nguo za watu, na mshirika wa kanisa la African Methodist Episcopal. Alipoanza biashara ya kutunza nywele za wanawake weusi, hakuishia kuuza mafuta. Mwaka 1908 alifungua chuo huko Pittsburgh kuwafundisha wanawake kazi hiyo. Alielewa kwamba bidhaa bila mafunzo haitoshi. Mpaka leo, ninyi wa Minnesota mnajua, mtu hafungui saluni huko bila leseni, na majimbo mengi hudai saa 1,000 hadi 1,500 za mafunzo, na mengine zaidi. Sisi tunataka miezi mitatu na picha ya kuhitimu.

MASWALI SABA

Sasa tufanye kama Nehemia. Nehemia alikuwa ameomba na kufunga, na mfalme alikuwa amempa ruhusa. Hata hivyo alipofika Yerusalemu alitoka usiku akazunguka kuta akizikagua kabla ya kumwambia mtu yeyote tuanze kujenga. Chukua kalamu, mzazi. Haya ni maswali ya kwenda nayo chuoni kabla ya kutoa hata shilingi mia tano ya fomu.

Swali la kwanza: Je, mmesajiliwa na TVETA, na kozi hii imo? TVETA ni mamlaka ya serikali inayosajili vyuo vya ufundi, iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2013. Usiridhike kuonyeshwa cheti kilichofungwa kwenye fremu ukutani. Chuo kinaweza kuwa kimesajiliwa kwa kozi za kompyuta na ushonaji lakini kozi ya nywele na urembo isiwemo. Omba kuona orodha ya kozi zilizoidhinishwa, na tarehe ya mwisho ya leseni. Kisha nenda ukahakikishe kwa TVETA wenyewe. Orodha yao iko kwenye tovuti yao, na kijana yeyote wa kanisa mwenye simu anaweza kukusaidia kuitafuta.

Swali la pili: Mtihani wa mwisho ni wa nani? Hili ndilo lililomwangusha binti wetu. Jibu unalotaka kusikia ni TVET CDACC, baraza linalosimamia upimaji wa mafunzo ya umahiri. Au KNEC, kwa kozi za mfumo wa zamani. Au NITA, wenye majaribio ya serikali ya ufundi ya gredi ya tatu, ya pili na ya kwanza. Vyuo vingine huandaa wanafunzi kwa vyeti vya nje kama City & Guilds vya Uingereza au CIDESCO vya Uswisi. Hivyo ni vyema, lakini pia vithibitishwe, maana kubandika jina kwenye bango ni rahisi. Ukiambiwa "sisi tunatoa cheti chetu wenyewe", sema asante, simama, uage.

Swali la tatu: Naweza kuona chumba cha mazoezi? Usiende siku ya sherehe. Nenda siku ya kawaida saa nne asubuhi. Hesabu wanafunzi, halafu hesabu masinki ya kuoshea nywele, mashine za kukausha na vichwa vya kujifunzia. Uliza kama wanapokea wateja wa kweli kutoka nje, na kama mwanafunzi hupelekwa saluni kwa mafunzo ya kazini kabla ya kumaliza. Mtu hajifunzi kuogelea kwa kuchora mto kwenye daftari.

Swali la nne: Mnafundishaje usafi na kemikali? Hapa ndipo pa kutofautisha chuo na kijiwe. Dawa nyingi za kulainisha nywele zina alkali kali kama sodiamu haidroksaidi. Kemikali hiyo inaweza kuunguza ngozi na kuumiza macho. Wembe na vifaa vya kucha visivyosafishwa vinaweza kuhamisha homa ya ini aina ya B kutoka mteja mmoja hadi mwingine. Mashine ya kunyoa chafu hueneza mashilingi kwa watoto wa mtaa mzima. Mwambie mwalimu akuonyeshe jinsi wanavyosafisha vifaa kati ya mteja na mteja. Na uliza wanafundisha nini kuhusu krimu za kung'arisha ngozi. Kenya imepiga marufuku zile zenye zebaki na haidrokwinoni, na zebaki huharibu figo. Chuo kinachomfundisha binti yako kuchanganya mkorogo kinamfundisha kudhuru watu. Hilo ni suala la dhambi, si la biashara tu.

Swali la tano: Karo yote ni ngapi, kutoka siku ya kwanza hadi cheti mkononi? Omba karatasi iliyoandikwa na kupigwa muhuri. Iwe na ada ya masomo, ya mtihani, sare, vifaa vya mwanafunzi, na gharama za mafunzo ya kazini. Uliza pia: mtoto akiugua au akiacha, nini hurudishwa? Na lipa benki au kwa namba ya malipo ya chuo chenyewe, usitume kwa simu ya mtu.

Swali la sita: Waliomaliza hapa wako wapi? Omba majina ya saluni wanakofanya kazi, kisha nenda utafute watatu. Waulize kando, bila mwenye chuo kusikia. Halafu geuza swali: ingia saluni tatu unazoziheshimu hapa Kisii au Nyamira, uwaulize wenye saluni, "Ukiandika mtu kazi, unapenda atoke chuo gani?" Wao ndio watakaomwajiri. Maoni yao ni mazito kuliko bango.

Swali la saba ni la kujiuliza mwenyewe: Wameniahidi nini? Ukisikia "ukimaliza tunakupeleka Dubai" au "Qatar kazi iko tayari", tulia. Kufundisha ni kazi moja na kusafirisha wafanyakazi ni kazi nyingine, na wakala wa kupeleka watu nje ni lazima awe amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Uliza usajili huo pia. Tumewalilia mabinti wa kutosha huku Gusii waliopelekwa Ghuba wakiambiwa ni saluni, wakafika wakakuta ni kazi nyingine kabisa.

PA KUANZIA

Mtaniuliza, Pasta, sasa tuanzie wapi? Anzieni karibu. Tuna Kisii National Polytechnic, ambayo wengi wetu tuliijua kama Gusii Institute of Technology. Kuna Keroka Technical Training Institute. Nyamira kuna Ekerubo Gietai. Halafu kuna vituo vya mafunzo ya ufundi vya kaunti, vile tulivyokuwa tukiviita polytechnic za vijijini. Si kila kimoja kina kozi ya nywele na urembo kila muhula, kwa hiyo fika uulize, na uwaulize maswali yale yale saba. Chuo cha serikali nacho kikaguliwe. Kuna vyuo vya kibinafsi vizuri pia, na sina neno navyo vikijibu maswali.

Msisahau KUCCPS. Wengi mnadhani ni kwa wanaoenda chuo kikuu peke yao. Hapana, huwapanga pia wanafunzi katika vyuo vya ufundi vya umma. Kwa kawaida diploma hudai C ya kutoa, cheti cha ngazi ya tano hudai D, na ngazi ya nne hupokea hata D ya kutoa na E. Kwa hiyo yule mtoto mnayesema "hana pa kwenda" ana pa kwenda, na anaweza kupanda ngazi kidogo kidogo hadi diploma.

Kuhusu pesa: mwaka 2018 serikali ilipanga karo ya vyuo vya ufundi vya umma kuwa shilingi 56,420 kwa mwaka, na yenyewe ikawa inalipa 30,000 kati ya hizo, mzazi analipa 26,420. Mfumo wa ufadhili umebadilika tangu 2023, kwa hiyo chukua karatasi ya karo ya sasa. Lakini HELB hukopesha wanafunzi wa vyuo vya ufundi vya umma, na basari za kaunti na za eneo bunge zipo. Hesabu vizuri. Nimeona wazazi wakilipa zaidi kwa vyumba viwili juu ya duka kuliko wangelipa kwenye chuo cha serikali chenye cheti kinachotambulika.

Na kwa dada ambaye tayari anasuka Daraja Mbili au Nyamira mjini miaka sita sasa, mikono yake inajua kazi ila hana karatasi: usidanganywe ulipe karo ya mwaka mzima uanze kufundishwa kushika kitana. Nenda uulize NITA kuhusu jaribio la ufundi. Uliza pia kuhusu utaratibu wa kutambua ujuzi ambao mtu ameupata kazini, ambao Kenya sasa ina sera yake. Ujuzi wako unaweza kupimwa na kupewa cheti.

"PASTA, HII SI KUKOSA IMANI?"

Kuna ndugu ataandika hapo chini kwamba maswali mengi ni kukosa imani. Ndugu yangu mpendwa, Mungu alikuwa amemwahidi Yoshua nchi, na bado Yoshua 2 inasema alituma wapelelezi waende wakaione nchi na mji wa Yeriko. Ahadi ilikuwa hakika, na upelelezi ulifanyika. Imani inayoogopa kuuliza usajili si imani. Ni uvivu uliovaa suti ya Jumapili. Nasema hivyo nikijua kwamba suti hiyo niliivaa mimi.

Nafikiria wazee wetu wa miaka ya 1970. Huo ulikuwa wakati jamii za Kenya zikichanga kwa harambee kujenga vyuo vya teknolojia, na chuo chetu cha Gusii ni tunda la harambee. Watu wa ndizi na kahawa na pareto, wengi wao hawakusoma, lakini waliheshimu ufundi kiasi cha kutoa ng'ombe ili watoto wasiokuwa wao wafundishwe vizuri. Sisi wenye simu mkononi tulifanya harambee kwa ajili ya karatasi ya nguzo ya stima. Nani aliyesoma kati yetu na wao?

TUTAFANYA NINI

Kwanza, madhabahu ya kanisa letu imefungwa kwa matangazo ya vyuo. Mwenye chuo akija, atakaribishwa kuabudu kama mtu mwingine. Akitaka kutangaza, ataleta barua za usajili na atakaguliwa kwanza.

Pili, tumeteua watu watatu wa kuwasindikiza wazazi kukagua vyuo. Wawili kati yao ni dada zetu wenye saluni. Nilishangaa kuona kwamba kwa miaka yote hiyo tulikuwa na wataalamu wa kazi hii wamekaa viti vya nyuma, na hatukuwahi kuwauliza neno. Tunawaomba watengeneze maua, hatuwaombi ushauri.

Tatu, harambee ya karo itafanyika baada ya ukaguzi, na pesa zitaenda moja kwa moja kwenye akaunti ya chuo.

Mtataka kujua habari za yule binti. Nilienda kwao. Nilimwomba msamaha mbele ya wazazi wake, kisha Jumapili nikaomba msamaha mbele ya kanisa, kwa maana kosa lilitendeka mbele ya kanisa. Tulichanga tena, na safari hii mimi ndiye niliyeanza. Alienda chuo ambacho yeye mwenyewe alikikagua, na maswali mengi mliyosoma hapo juu ni yake. Alifanya jaribio la NITA la gredi ya tatu akapita. Sasa anafanya kazi, na anaweka akiba ya kuendelea.

Kanisani anakuja, anakaa karibu na mlango. Kwenye kwaya hajarudi, na simlazimishi. Mambo mengine mchungaji akiyavunja, huchukua muda kupona, hata kama Mungu amesamehe.

Kwa hiyo mama, baba, leteni mabinti wenu. Na wavulana pia, maana vinyozi na wasusi wa kiume tunao na wanalisha familia. Nitawawekea mikono kwa furaha. Lakini mje na karatasi yenye majibu saba. Nitaisoma kwanza, kisha tutaomba, na amina yetu itakuwa na uzito.

Baba katika jina la Yesu, uwape wazazi hawa hekima ya kuuliza na ujasiri wa kuondoka pale wasipojibiwa. Uibariki mikono ya watoto wetu ifanye kazi safi isiyomdhuru mtu. Na utusamehe sisi wachungaji tulipoita mlango wako ule ambao hatukuwahi kuubisha. Amina.

Kama unajua mzazi anayelipa karo wiki hii, mtumie ujumbe huu leo, kabla hajalipa. 

Ni mimi mchungaji wenu.